Kwa Nini Sikuwapa Farasi

Mmeiona video. Kila nikiingia kwenye lifti ya jengo letu hapa Etobicoke, Toronto, kuna mtu ananinyooshea simu usoni. Kijana mweusi mwenye fulana ya rangi ya chungwa yuko juu ya farasi, anavuta farasi wengine watatu, anakatiza uwanja ambao wazungu waliovaa kama zamani wanapigana bunduki, na watu wanapiga makofi. Wanakwaya wenzangu, mnacheka. Furaha wa ghorofa ya saba amenipa jina la Kamanda. Mnaniuliza ilikuwaje, na mnanijua, nikiulizwa mbele ya watu maneno hayatoki. Kwa hiyo nimekaa kwenye meza ya Mama nikaandika. Naandika polepole. Nanyi nisomeni polepole, halafu mniache.

Kutoka Etobicoke hadi zizini

Papa Nurali wengi wenu hamumjui. Ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Mwanza, aliyekuwa mfamasia hapa Toronto mpaka alipostaafu. Ana farasi wawili, Zabibu na Iliki, na anawaweka kwenye zizi moja kaskazini ya mji, ambako mimi nafanya kazi ya kuzoa mavi na kubadilisha nyasi. Siku ya kwanza nilimsikia nyuma ya ukuta akigombeza farasi kwa Kiswahili. "Wewe Zabibu, nani kakulea? Unamkanyaga mtu mzima mguu halafu unatazama pembeni?" Nilidhani nina homa. Nilipochungulia nikaona mzee mfupi mwenye ndevu nyeupe ameshika mguu wake na kuruka kwa mguu mmoja.

Tangu siku hiyo aliniita mwanangu, nami nilimwita Papa kama tunavyowaita wazee kwetu Fizi, Kongo. Alinifundisha kupanda. Majira ya baridi yote, baada ya kazi, nilizunguka na Iliki ndani ya lile banda kubwa la mazoezi mpaka mapaja yakawaka moto.

Kulikuwa na sababu. Papa Nurali na wenzake wana mchezo wao. Wakati wa joto wanavaa sare za zamani, wanakwenda kwenye mashamba, wanaigiza vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, vile vya kugombania utumwa. Wana mapanga, wana bunduki zenye baruti bila risasi, wana tarumbeta. Papa Nurali ni koplo wa askari wa farasi wa Kaskazini. Akaniahidi. "Kiangazi utapanda Iliki," alisema. "Kwenye mstari, ubavuni kwangu. Nimeshasema, basi."

Hapo naomba msicheke. Mimi vita nimeviona. Wanajeshi walipopita kijijini kwetu walichukua watu wa kuwabebea, nikiwemo mimi, na nilikuwa mtoto. Nilipanda milima na sanduku la risasi kichwani, sikujua ni za kumpiga nani. Waliopigana walitangulia. Sisi tulifuata nyuma, na aliyeweka mzigo chini alipigwa. Hayo sijawahi kuyasema kwenye mazoezi ya kwaya na sitayasema tena. Nilitaka mara moja tu, hata kwa mchezo, niwe mbele, niwe juu, na mikononi mwangu niwe na hatamu, si mzigo wa mtu.

Mama hakupenda. "Umeshindwa kucheza mpira kama wenzako?" aliniuliza. Lakini alinifulia ile fulana ya chungwa.

Barabara kuu

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, farasi wawili ndani ya trela, sisi mbele. Papa Nurali alikuwa tayari amevaa sare: koti la buluu lenye mistari miwili mkononi, buti ndefu, upanga kiunoni. Nikamuuliza kwa nini asivae huko huko. Akasema mwanajeshi hutoka nyumbani kwake akiwa mwanajeshi. Kwenye msongamano wa magari watoto wa gari la pembeni walimpungia mkono naye akawapigia saluti. Nilijikunja kwenye kiti.

Mkewe alikuwa ametufungia kachori, kababu na chatne ya nazi ndani ya kopo la aiskrimu. Tulikula gari likiwa limesimama, maana mpaka tunautoka mji tulikuwa tumesimama zaidi ya kwenda. Papa Nurali alinisimulia Mwanza, mawe yake, duka la baba yake, na jinsi alivyokuwa akimtazama mkuu wa polisi akipita juu ya farasi, na alivyoapa kwamba siku moja naye atapanda. "Na wewe je, uliona farasi kwenu?" akauliza. Nikasema kwetu niliona ng'ombe tu, mpaka wakaja watu wakawachukua.

Tulipopita mji wa London, London ya huku Kanada, tairi la trela likapasuka. Papa Nurali aliita fundi kwa simu, tukakaa kando ya barabara huku malori yakipita na kutikisa trela, farasi wakigonga ukuta kwa kwato. Jua lilikuwa kali. Maji ya farasi yalikuwa yamemwagika tairi lilipopasuka. Nikachukua ndoo mbili, nikapanda ukingo, nikaenda kwenye nyumba ya shamba iliyoonekana kwa mbali.

Niligonga. Pazia likasogea. Mama mmoja akaniambia kupitia kioo, bila kufungua, "Nyanya hazijaiva bado. Hatuhitaji watu wa kuchuma."

"Naomba maji, mama. Ya farasi."

"Nimesema hatuhitaji watu. Rudi mwezi ujao."

Nikanyanyua ndoo nimwonyeshe. Akarudisha pazia. Nikasimama pale kama mwizi, ndoo mbili tupu mkononi. Labda ningesema tena, kwa sauti. Sikusema. Nikarudi.

Papa Nurali akazichukua ndoo, akapanda ule ukingo na buti zake na upanga ukimgonga paja. Akarudi na ndoo zimejaa na kipande cha keki kwenye karatasi. Mlango ulifunguliwa kwa mtu mwenye upanga. Aliona inachekesha. Alicheka mpaka akafuta macho. Mimi keki sikuila, nilimpa Zabibu.

Fundi alipofika alimtazama Papa Nurali juu mpaka chini.

"Sare hiyo ni ya reli? Treni imekuacha?"

"Mimi ni askari wa farasi," Papa Nurali akamjibu, amenuna kweli.

"Na huyu?"

"Na huyu pia."

Hapo nilifurahi, siwafichi. Na huyu pia. Nilikaa na hayo maneno njia yote iliyobaki.

Meza ya Mama Verna

Karibu na shamba la mchezo, kwenye njia panda, palikuwa na kanisa dogo la mbao, na mbele yake mama mzee mweusi akiuza chakula mezani: mahindi ya kuchemsha, maharage na nyama ya nguruwe, pai za matunda. Jina lake Mama Verna. Papa Nurali hali nguruwe, akachukua mahindi. Mimi nilichukua kila kitu.

Nilimwona mweusi mwenzangu, mbali huku mashambani, nikajua naye amekuja kama sisi. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu, "Mama, mlifika lini huku? Mmezoea baridi?"

Aliweka kijiko chini. "Kabla nchi hii haijawa na jina lake," akasema. Kisha akacheka na kuniongeza maharage. Akanieleza kwamba watu wake walitoroka utumwa kule chini, Marekani, wakavuka maji, wakafyeka msitu hapa hapa tulipokuwa tumesimama. Jeshi la Kaskazini lilipoanza kupokea weusi katika vita vile, vijana wa familia yake walivuka tena kurudi kwenda kupigana. Wengine walipigana kwa miguu, wengine juu ya farasi. Mmoja hakurudi.

"Wewe unakwenda kuigiza nini kesho?" akaniuliza.

"Nitapanda farasi. Kwenye mstari."

"Basi nitakuja mpaka kwenye kamba ya watazamaji nikutazame," akasema. "Miaka yote nauza chakula hapa, sijawahi kwenda. Sijaona sababu."

Papa Nurali alikuwa anasikia. Alikuwa anatafuna mahindi yake, anasikia yote.

Kambini

Hema zao ni za turubai jeupe. Simu zinafichwa. Hata sufuria ni za zamani. Wanapika kwa kuni na wanalalamika moshi, kisha wanaongeza kuni. Papa Nurali wanamwita Nick. "Nick amefika! Nick, mbona umechelewa?" Akawa mtu mwingine, anacheka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia zizini. Mtu mmoja alinipa biskuti ya jeshi, ya mraba, ngumu kama kigae. Nilidhani ni ya farasi, nikampa Iliki. Iliki akaitema. Wakacheka, nami nikacheka. Mpaka hapo hakukuwa na ubaya.

Kisha akaja mkubwa wao, Kapteni Wes, mwalimu mstaafu, mrefu, mpole wa sauti. Papa Nurali akasema, "Huyu ndiye yule kijana niliyekuambia. Anapanda vizuri."

Kapteni akanishika mkono, akanitazama, kisha akamtazama Papa Nurali. "Nick, hukuniambia," alisema.

Hakumalizia. Hakuhitaji. Akanigeukia na kunieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kipigano tunachokiigiza kesho ni kidogo, alisema, watu wachache wamewahi hata kukisikia. Doria ya Kaskazini ilikutana na wa Kusini kando ya shamba la mahindi. Kikosi kile kilikuwa cha weupe watupu. Watazamaji wanakuja kuona mambo yalivyokuwa. Si yeye, ni historia. Lakini maofisa walikuwa na watumishi, na baadhi ya watumishi walikuwa weusi. "Unaweza kunibebea begi na birika," akasema. "Hiyo ni kweli kabisa kihistoria. Tuna hata fulana ya gunia ya kukuvalisha."

Mnanijua. Nilimtazama Papa Nurali. Yeye, Mhindi wa Mwanza mwenye mistari miwili mkononi, alikuwa ameinama anafuta tope kwenye buti. Buti halikuwa na tope.

Nikangoja. Nilingoja aseme neno moja tu. Akasema, kwa Kiswahili ili wasielewe, "Mwaka huu vumilia, mwanangu."

"Sibebi," nikasema. Kwa Kiswahili pia.

Papa Nurali akamtafsiria Kapteni kwamba nina aibu mbele ya watu, ningependa kazi ya nyuma. Hivyo ndivyo alivyotafsiri. Kapteni akafurahi kupata njia. Akasema kuna kazi ya nyuma kweli, na mshikaji wao mmoja wa farasi ameshikwa na tumbo.

Kazi yenyewe ni hii. Askari wa farasi wanapofika mahali pa kupigana wanashuka na kupigana kwa miguu. Wanajihesabu, moja mbili tatu nne. Moja, mbili na tatu wanakwenda na bunduki. Wa nne anabaki nyuma ameshika farasi wake na wa hao watatu. Kazi yake ni hiyo tu. "Kule nyuma ni ndani ya miti," Kapteni akasema, "hakuna atakayekuona, kwa hiyo fulana yako haina tatizo." Akanishika bega. "Agizo ni moja. Usimwachie mtu yeyote farasi mpaka mwenyewe arudi. Kitokee chochote. Umeelewa?"

Nikaelewa. Nilikubali kwa sababu ya Iliki, anayeogopa milio, na mtu wa kumshika asiyejuana naye angeumizwa.

Jioni walikaa kwenye moto wakapanga mchezo wote hatua kwa hatua, nani aanguke wapi, nani akimbie wapi. Mimi walinituma kisimani kuwatekea farasi maji. Niliporudi walikuwa wameshamaliza, wanaimba. Hakuna aliyekumbuka kuniambia lolote, na Papa Nurali naye alikuwa anaimba.

Kipigano

Jumamosi mchana watu walikuwa wengi kwenye kamba, na watoto mabegani na viti vya kukunja. Niliwaona kupitia majani. Nilimwona pia Mama Verna, amevaa kofia ya kanisani, anawatazama wapanda farasi mmoja mmoja wanavyoingia. Nilijua anamtafuta nani. Nikarudi nyuma zaidi kwenye miti ili nisimwone.

Doria ilikuja kwa mwendo wa polepole kando ya mahindi. Bunduki zikalia ng'ambo ya ua wa shamba. Wakashuka, wakajihesabu kwa sauti, wakakimbilia ua wakainama. Papa Nurali alinikabidhi Zabibu. "Mshike vizuri," alisema, kama kwamba siku zote simshiki. Nikawa na Iliki, Zabibu, na farasi wawili wakubwa wa watu nisiowajua, wamefungwa hatamu kwa hatamu. Kila mlio Iliki alitetemeka ngozi yote. Nilimwekea mkono shingoni nikamwimbia ule wimbo wetu wa kufungulia ibada. Kulikuwa na washikaji wengine wawili pembeni yangu, wazungu vijana, wanapiga miayo.

Kisha, nyuma yetu msituni, wakatokea watu wa Kusini. Wenye sare za kijivu, kama kumi hivi, wamechutama, wanakuja mbio huku wanacheka kimyakimya. Wale washikaji wawili wakaachia farasi wao na kunyanyua mikono juu, bila hata kuambiwa. Nilishangaa. Mmoja wa wenye kijivu, kijana mwenye ndevu nyekundu, akanyoosha mkono kwenye hatamu zangu.

Nikazivuta.

"Lete," akasema.

"Hapana."

Akacheka, akanisogelea na kunong'ona, "Rafiki, sisi tunawakamata farasi. Ndivyo kipigano kinavyokwisha. Hawakukuambia?"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnapocheka kwenye video mkidhani sikuelewa. Kabla ya hapo sikuelewa. Baada ya hapo nilielewa. Nilielewa kila kitu: kwamba ni mchezo, kwamba farasi wangerudishwa jioni, kwamba walipanga yote wakati mimi nateka maji. Ningeweza kumpa. Mkono wangu ulikuwa unaanza kulegea.

Lakini yule jamaa alikuwa mwigizaji. Aliona kijana mweusi ndani ya miti, akaona ameletewa kitu kizuri cha kuigiza ambacho hakikuwa kwenye mpango. Akanyoosha mgongo, akabadilisha sauti, akasema kwa nguvu ili wenzake wasikie, "Na wewe twende. Wewe una bei kuliko farasi hawa wote. Unamilikiwa na nani?" Wenzake wakacheka. Akanishika mkono juu ya kiwiko, kama walivyonishika wale wanajeshi kule kwetu.

Najua hakuwa na nia mbaya. Baadaye alikuja kuniomba radhi, akasema kihistoria ndivyo walivyofanya. Nimechoka na kihistoria.

Nilimsukuma kwa kifua cha Zabibu, akakaa chini kwenye majani. Nikapanda Iliki. Sikupanga kwenda popote. Nyuma walikuwa wao, pembeni walikuwa wao, njia iliyobaki ilikuwa mbele, uwanjani. Nikatoka kwenye miti na farasi wote wanne.

Bunduki zilikuwa zinalia pande zote mbili na mimi nilikuwa katikati. Iliki, huyu anayeogopa hata mlango wa trela ukifungwa, alikwenda. Wa Kaskazini waligeuka kwenye ua na kunitazama midomo wazi. Mmoja akapiga kelele, "Hapana, hapana, farasi wamekamatwa!" Tarumbeta ililia ikakatika katikati. Makofi yalikuja kutoka kwenye kamba, watu wakasimama kwenye viti vyao. Walidhani ndio mchezo wenyewe. Niliwachukia kwa yale makofi. Nilizunguka mwisho wa kamba, nikapita, nikaenda mpaka kwenye njia panda, kwenye meza ya Mama Verna, kwa sababu sikujua mahali pengine.

Mama Verna alifika baada yangu, anahema, kofia mkononi. Alileta maji kwenye karai la kuoshea mahindi, farasi wakanywa.

Wa tatu kufika alikuwa Papa Nurali. Alitembea uwanja wote na barabara yote na zile buti, jua la mchana, mzee wa umri ule, maana farasi wake nilikuwa naye mimi. Uso ulikuwa umeiva. Sikumwonea huruma.

"Umeniaibisha," alisema.

"Niliambiwa nisimwachie mtu mpaka mwenyewe aje, Bwana Nurali. Umekuja. Shika."

Alisikia ile Bwana. Akapokea hatamu.

Kisha akaja Kapteni Wes, nami nikajiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alikuwa anatabasamu. Watu wamependa, alisema. Hawajawahi kupigiwa makofi vile. Kesho Jumapili kuna onyesho la pili: je, naweza kurudia hivyo hivyo? Nitoke kwenye miti, nikatize, nitokomee. Atawaeleza watazamaji kwamba ni mtumishi mwaminifu anayeokoa farasi wa bwana wake.

"Na kwenye mstari?" nikauliza. Kwa Kiingereza, mbele ya watu. "Nipande nao kwenye mstari?"

"Hilo tumeshazungumza," akasema. "Nick alikueleza."

Mama Verna akasema, "Walikuwepo weusi juu ya farasi katika vita vile. Mmoja ni wa ukoo wangu."

"Bila shaka, mama," Kapteni akasema. "Lakini si katika kipigano hiki."

"Na mimi je, nilikuwepo katika kipigano hicho?" Hayo hakuyasema mtu. Hayo ndiyo aliyopaswa kuyasema Nurali, na alikuwa amesimama pale pale, anakaza mkanda wa tandiko ambao ulikuwa umeshakaza.

Nikasema sirudii. Nikamwomba Mama Verna anipeleke kwenye kituo cha basi.

Kurudi

Basi lilichelewa. Mama Verna alikaa nami kwenye benchi, akanifungia pai. Nilipopanda nilinuka farasi na baruti, na dada aliyekaa karibu nami akahamia kiti cha mbele kwa heshima zote. Nililala kidogo. Nilipoamka tulikuwa tumeingia Toronto, ghorofa zote zimewaka taa. Mama alinifungulia, akanitazama, akasema, "Nenda ukaoge," na alipoona sili akaketi kando yangu.

Zizini sikwenda wiki nzima. Ndipo video ilipoanza kuzunguka.

Jumamosi iliyofuata mlango ukagongwa. Nurali, ana shati la kawaida na mfuko wa maembe. Mama hakujua lolote, nilikuwa sijamwambia aliyeniudhi ni nani. Aliona mzee amekuja, akaweka ugali na ndagala za nyanya, dagaa wa kwetu, akaniita nije nimnawishe mgeni. Nikaleta beseni na jagi. Nilimmiminia maji mikononi kama mtoto mwenye adabu, tukiwa tumetazamana. Maji niliyapasha moto zaidi kidogo kuliko kawaida. Hakulalamika.

"Iliki hali vizuri," akasema.

"Atakula."

"Nimekuja kukuomba urudi. Sikusema kitu pale, najua. Hujui nilikaa miaka mingapi mpaka wakanipa ile mistari. Mwanzoni walinipa kuosha sufuria. Ningefungua mdomo, wangenitazama na mimi, wangeanza kujiuliza."

"Si wajiulize."

"Mwakani nitaongea naye. Nakuahidi."

"Uliniahidi na kiangazi hiki."

Mama akaacha kuchota ugali. "Mnaongea nini?" akauliza. Nikamweleza, kwa mara ya kwanza, yote, pamoja na lile swali la yule mwenye ndevu nyekundu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mgeni wake, kwa upole, "Papa, simu si unayo?"

Nurali akafuta vidole. Akatoa simu. Akavaa miwani, akapiga, akaiweka mezani kati ya bakuli ili sote tusikie. Kapteni Wes alipokea haraka, na sauti yake ya upole. Nurali akasema, "Wes, yule kijana asipopanda kwenye mstari, mimi na farasi wangu hatuji tena."

Kapteni aliongea. Historia, watazamaji, mambo yale yale. Nurali alingoja amalize.

"Na mimi historia hiyo simo, na umeniweka," akasema. "Kwa hiyo jibu ni ndiyo au hapana."

Kisha Kapteni akasema, "Sawa, Nick. Apande. Sikujua ni jambo kubwa hivyo kwenu."

Nurali akakata. Akavuta sahani akaanza kula. Mama akamwongezea ndagala.

Sasa mnataka kujua kama nimefurahi. Nimerudi zizini, kwa sababu ya Iliki, na mwakani labda nitapanda, sijaamua. Lakini nikiwa pale mezani, nikitazama ile simu, hasira ilinipanda kuliko siku ya kipigano. Ugali ulikuwa bado unatoa moshi. Hayo maneno yote, ya kuomba na ya kukubaliwa, hayakuchukua hata muda wa ugali kupoa. Ilikuwa rahisi hivyo. Siku ile pale kambini, nilipomtazama nikangoja, ilikuwa rahisi hivyo hivyo.